Tulivyowatafuta Wenzetu wa Mashamba ya Chai Hadi Mafao Yakapatikana

Juma lililopita binti mmoja wa Makambako aliniandikia kwamba marehemu baba yake alichuma chai Mufindi kwa miaka mingi, na sasa mama yake anatakiwa kuleta ushahidi wa ajira ilhali kampuni imekwisha kuuzwa na mmiliki mpya anasema hana majalada ya zamani. Nimemjibu kwa simu, lakini najua wako wengi wenye shida kama yake.

Mimi nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni hiyo kwa miaka 17 kamili. Kila mwisho wa mwezi niliandika makato ya kila mtu kwa mkono wangu. Siku nilipofika NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuulizia pensheni, niliambiwa kwamba kumbukumbu zina michango ya miezi 163 tu, nayo sheria inataka isipungue 180. Miezi 41 ilikatwa kwenye mishahara yetu na haikuwasilishwa. Hadi leo nikilikumbuka jambo hilo moyo unaniuma, kwa sababu waliokatwa walikuwa wakinipungia mkono dirishani wakiamini kwamba fedha zao ziko salama.

Mtu mmoja akilalamika huonekana msumbufu, kwa hiyo niliamua kuwatafuta wenzangu. Orodha niliyokuwa nayo ilikuwa na majina ya ubatizo, na hapo ndipo tulipopoteza miezi mingi. Mchumaji mmoja tulimtafuta Makete kijiji kwa kijiji, na kumbe kwao anajulikana kwa jina la ukoo na la mtoto wake wa kwanza. Aliyetuokoa ni nyapara wa zamani, ambaye alikumbuka nani alilala kambi ipi, nani alioa wapi, na nani alihamia Mbarali kulima mpunga au Chunya kwenye dhahabu. Baada ya hapo tuliomba matangazo makanisani siku za Jumapili, tukawaona watendaji wa vijiji, na watu wakaanza kuja wenyewe na karatasi za mishahara zilizokunjwa ndani ya Biblia. Tulipopeleka karatasi hizo pamoja, mwajiri alidaiwa, naye akalipa. Mwenzangu wa ofisini alifariki majuma matatu kabla ya siku hiyo.

Kwa hiyo nawasihi: tafuteni watu kabla ya kutafuta karatasi, maana mtu ndiye anayejua karatasi iko wapi. Jina likitofautiana na lile la kitambulisho cha Taifa, mfuateni wakili mapema kwa ajili ya hati ya kiapo. Msipoteze nauli kwenda ofisi isiyohusika: tangu mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, na sekta binafsi iko NSSF. Nanyi vijana mlioko kwenye mbao za Sao Hill na viwanda vya Mafinga, ulizieni michango yenu kila mwaka mkiwa bado kazini. Ulizieni, wala msiogope kuitwa wachochezi.

Binti wa Makambako nimemwelekeza kwa nyapara wetu, ambaye sasa anaishi Igowole. Masikio yake yamepungua nguvu lakini kumbukumbu bado ipo, na nimemwomba binti aende na picha ya baba yake kabla mvua za Novemba hazijaanza.