Brauza ya simu ndogo: kasi au usalama?

Kaka, kwa simu yako ya RAM GB 2 hapo Mwaloni Kirumba, Opera Mini itakimbia kweli: kurasa zinabanwa kwenye seva zao kwanza, bando linadumu. Ila ukiiweka kwenye hali ya kubana kupita kiasi, usimbaji (kufuli linaloficha data zako njiani) unafunguliwa hukohuko kwenye seva kabla ukurasa haujakufikia. Nenosiri la benki usiliandike humo! Mimi humo nasoma magazeti tu. Mambo ya pesa naingilia Firefox yenye uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo. Matangazo yakikatwa, hata mtandao wa kusuasua pale kivuko cha Kamanga unatosha. Chrome ni salama pia, ila inakula RAM kama sangara na dagaa. Halafu sasisho unalolikwepa kila siku, libonyeze leo.