Haidrenjia fupi kwa bustani ya Nairobi

Anayetafuta haidrenjia fupi na sugu kwa bustani ndogo ya Nairobi hukutana kwanza na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za theluji, ambako usugu wa mmea hupimwa kwa baridi. Huko husifiwa sana Hydrangea paniculata, hasa aina zake fupi kama Bobo na Little Lime, kwa kuwa hustahimili majira ya baridi yanayogandisha ardhi. Sifa hiyo haitufai kitu. Hata mwezi wa Julai ni nadra usiku wa Nairobi kushuka chini sana ya nyuzi 10, na mmea uliozoea kupukutisha majani na kupumzika miezi kadhaa haupati hapa baridi ya kuupumzisha. Kinachoisumbua haidrenjia kwetu ni jua kali na ukavu wa Januari na Februari. Kwa hiyo mimi hupendekeza Hydrangea macrophylla, ile yenye vichwa vya maua vya mviringo inayostawi Limuru na Tigoni bila kubembelezwa, ila itafutwe aina ambayo kwa maumbile yake haizidi mita moja.

Kuipata aina hiyo kunahitaji macho. Vitalu vya kando ya barabara, iwe Ngong Road au Limuru Road, mara nyingi huuza miche isiyo na jina, na ufupi wa mche wenye ua kubwa si ushahidi wa lolote, kwa sababu wakuzaji wa maua ya vyungu huweza kutumia dawa ya kudumaza shina ambayo nguvu yake huisha baada ya mmea kuhamishiwa ardhini. Mimi hutazama vifundo vya shina. Vikiwa vimekaribiana chini, kisha juu vikaachana ghafla, najua mche huo umeanza kurudia urefu wake wa asili. Ni bora zaidi kumwomba muuzaji akuonyeshe mmea mama, na asiyekuwa nao sioni sababu ya kumlipa bei ya aina fupi.

Mahali pa kupanda ni upande wa mashariki wa nyumba, ambapo mmea utapata jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano, kisha kivuli. Vitabu vya Ulaya vinavyoelekeza upande wa kaskazini, ambao huko huwa na kivuli, havikukusudia mji ulio karibu na ikweta, ambao jua lake la mchana hupita karibu na utosi. Ninachimba shimo la sentimita 45 kila upande, nachanganya udongo na mboji pamoja na samadi iliyooza vizuri, na kuacha nafasi ya sentimita 80 hivi kati ya mmea na mwenzake. Wakati mzuri ni mvua za masika zinapokolea, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi.

Udongo ndio unaotofautisha bustani moja na nyingine hapa mjini. Huku kwetu Kabete udongo ni mwekundu, hupitisha maji vizuri na una uasidi kidogo, hivyo haidrenjia hutulia upesi. Dada yangu anaishi Embakasi, ambako ardhi ni nyeusi, hutuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa ukavu. Yeye huipanda katika vyungu vipana vyenye matundu, kwa udongo mwekundu wa kununua. Tena humwagilia maji ya mvua aliyoyakinga kwenye tangi, kwa kuwa maji ya visima vingi vya Nairobi yana magadi. Jani likigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mmea unakosa chuma, na mara nyingi chanzo ni maji ya namna hiyo au mabaki ya saruji na chokaa yaliyofukiwa kando ya ukuta mpya.

Uasidi huohuo ndio unaoamua rangi. Katika udongo wenye pH (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka uasidi unapozidi) iliyo chini ya 5.5, mizizi huweza kufyonza alumini na maua huwa ya buluu. pH ikizidi 6.5 huwa ya waridi, na kati ya hapo hupatikana zambarau. Maua meupe hayabadiliki. Anayetaka buluu ayeyushe kijiko kikubwa kimoja cha shabu, chumvi yenye alumini, katika lita nne au tano za maji na kumwagilia udongo uliokwisha loa, kisha aiweke mbali mbolea ya DAP, kwa sababu fosfeti yake huifunga alumini. Anayetaka waridi atumie jivu la jikoni kwa kiasi. CAN, mbolea ya naitrojeni, nayo ni ya kutumia kwa uangalifu mkubwa, kwani huzidisha majani na kupunguza maua.

Hakuna kinachozinyima haidrenjia za Nairobi maua kama makasi ya kukatia uzio wa kayaba. Mtunza bustani hupita akisawazisha kila kitu, naye huondoka na matumba yaliyokwisha jiunda kwenye ncha za matawi, ambayo yangechanua msimu unaofuata. Kwa kuwa hatuna majira ya baridi ya kuupumzisha mmea wote kwa pamoja, mimi hupogoa tawi moja moja: kichwa kikikauka, nakata juu tu ya jozi ya kwanza ya machipukizi yaliyonona, na kila mwaka naondoa kutoka chini mashina machache yaliyozeeka.

Wakati wa ukavu matandazo ya maganda ya kahawa, ambayo hupatikana kwa urahisi Kiambu, huhifadhi unyevu vizuri. Yasigusane na shina. Majani yakinyauka saa nane mchana na kusimama tena jioni, mmea haujakosa maji. Yakiwa bado yamelala asubuhi, mwagilia mara moja. Chunguza pia upande wa chini wa majani, maana utitiri hupenda miezi hiyo. Matawi unayoyakata usiwape mbuzi wala sungura, kwa kuwa yana sumu. Yale yasiyo na maua, yenye urefu wa sentimita 12 hivi, huota mizizi kwa wiki chache yakichomekwa katika mchanga na mboji chini ya kivuli, majani yake yakiwa yamepunguzwa nusu.