Kuhusu insha yako juu ya duka la muda la mazao ya Himaya

Ndugu, umeuliza kwa nini serikali ya Uingereza ilijiingiza katika biashara ya kuonyesha vyakula vya makoloni dukani, kisha duka lenyewe likafungwa. Nakushauri usianze na duka, bali uanze na ushuru. Mwaka 1923 Stanley Baldwin, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikwenda kwenye uchaguzi akitaka kulinda soko kwa ushuru, akapoteza wingi wake bungeni, kwa kuwa wapiga kura waliogopa chakula kupanda bei. Kwa hiyo mwaka 1926 serikali iliunda Bodi ya Masoko ya Himaya, chini ya Leo Amery, waziri wa makoloni, ili mnunuzi abembelezwe kwa mabango, filamu na maonyesho badala ya kusukumwa na forodha.

Mfano utakaokufaa zaidi, hasa kwa msomaji wa pwani yetu, ni pudini ya Krismasi ya mwaka 1927, ambayo mapishi yake, yaliyotangazwa na Bodi, yalitaja kila kiungo pamoja na nchi kilikotoka: zabibu kavu za Australia, ramu ya Jamaika, na karafuu za Zanzibar. Hapo uliza swali ambalo mabango hayo (mazuri mno, nakiri) hayakulijibu: mchumaji wa karafuu alilipwa nini?

Kufungwa kwa duka hilo la Bodi hakuna fumbo. Ushuru ulipokuja mwaka 1932, pamoja na mapatano ya Ottawa (ya kupunguziana ushuru kati ya Uingereza na nchi za Himaya), ubembelezaji ulikosa kazi, na Bodi ikavunjwa mwaka 1933. Mabango yake mengi yamo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London.