Maswali ya wasomaji: Upande mmoja wa meno upakwe dawa, mwingine uachwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu wa miaka 14 anawekewa waya za meno. Tumeombwa aingie kwenye utafiti: upande mmoja wa kinywa utapakwa vanishi ya floraidi (dawa ya kupaka ya kukinga meno), wa pili hautapakwa. Mbona wasipake kote? Si wanamfanyia majaribio mwanangu?
Mama mzazi, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama. Ndiyo, ni majaribio, na mnaweza kukataa bila matibabu yake kuguswa. Ila mpango huo una akili yake. Ukoga hung'ang'ania kuzunguka breketi, vile vidude vinavyogandishwa kwenye jino. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, asidi hunyonya madini ya enameli, gamba gumu la nje la jino, na ndani ya wiki nne tu doa jeupe kama chaki laweza kujitokeza. Wakipaka watoto hawa na kuwaacha wale, tofauti inaweza kuwa ya soda wala si ya vanishi. Kinywa kimoja kina mate yaleyale, mlo uleule, mswaki uleule.

Lakini mswaki nao haufiki pande zote sawasawa, kutegemea mkono anaotumia mtu, ndiyo maana upande wa kupakwa sharti upatikane kwa kura, si kwa matakwa ya daktari. Tena floraidi husafiri na mate: upande ulioachwa hufaidika kidogo, na nguvu ya vanishi huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Madoa hayo hupimwa kwa picha za meno, na picha ndizo huharibu kazi nyingi. Jino likiwa na mate, doa changa halionekani, hivyo hukaushwa kwa hewa sekunde tano hivi. Mwanga wa kamera ukilipiga jino moja kwa moja huacha mng'ao unaodhaniwa doa. Na anayesoma picha hatakiwi kujua upande upi ulipakwa.

Kabla ya kusaini, ulizia kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na fomu ya Kiswahili. Binti naye aulizwe. Hajafika 18, lakini meno ni yake. Swali zito kuliko yote kwangu: akijitoa katikati, nani atahudumia waya, kwa gharama ya nani? Matibabu kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na waya zikitolewa bila kishikizo, kifaa cha kuyashikilia meno mahali pake, meno hurudi yalikotoka. Uliza pia doa likianza upande usiopakwa itakuwaje. Watibu hapohapo, hata kama hesabu zao zitavurugika. Pande zote zipigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500, angalia boksi. Migebuka na ugali havina neno. Miwa na mahindi ya kuchoma ndivyo hung'oa breketi.

SWALI: Waya zimetolewa, madoa meupe yamebaki. Nisugue kwa limau na mkaa?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Hapana. Madoa yaliletwa na asidi, nawe unataka kuongeza nyingine. Mkaa nao hukwangua enameli. Subiri hadi miezi sita ukipiga mswaki vizuri, mengine hufifia yenyewe. Usikimbilie floraidi kali, maana huziba uso wa doa na weupe ukabaki ndani. Yasipofifia, kliniki huweza kupenyeza rezini, aina ya plastiki ya majimaji, ndani ya doa: asidi ya haidrokloriki ya asilimia 15 kwa dakika mbili, kusuuza, kukausha, kisha rezini hugandishwa kwa mwanga. Jino likishatoboka, njia hiyo haisaidii; hapo ni kuziba.