Re: Haiku inaganda kwenye laptop ya GB 1

Ndugu, kuuliza kwa nini Haiku, mfumo endeshi wa laptop yako, inaganda ukifungua kurasa nne au tano za wavuti ni haki yako, lakini usiilaumu Haiku yenyewe. Yenyewe ni nyepesi. Mlafi ni kivinjari. WebPositive, kivinjari cha Haiku, imejengwa juu ya WebKit (injini ya kuonyesha kurasa za wavuti), na tovuti za siku hizi hazina huruma kwa GB 1 ya kumbukumbu (RAM).

Bofya ikoni ya ProcessController (programu ya kusimamia programu zinazoendeshwa) pale kwenye Deskbar, yaani upau wa Haiku wenye menyu na saa, uangalie matumizi ya kumbukumbu: utaona programu gani inakula, na unaweza kuifunga papo hapo. ActivityMonitor, inayochora grafu ya matumizi ya kumbukumbu, nayo usiisome kwa hofu, kwa sababu sehemu ya RAM hushikwa na akiba ya mafaili na huachiliwa ikihitajika.

Kisha fungua VirtualMemory kwenye Preferences, uongeze nafasi ya diski ya kusaidia RAM, halafu uwashe upya. Kwa diski ya zamani ya kuzunguka, hiyo itazuia programu kufa tu; kasi usiitarajie. Kama umeweka Haiku ya biti 64, toleo la biti 32 hutumia kumbukumbu kidogo zaidi.

Binafsi ningezunguka kwa mafundi wa hapa Kisumu nitafute RAM kuukuu kwanza. Ubao mama wa laptop yako unakubali RAM ya aina gani, DDR2 au DDR3?