Kabrasha usilitupe

Vijana mnaoingia chumba cha habari mna swali moja: nitaandikaje wakati wakubwa wamenifungia milango? Huwa nawapa kisa cha I. F. Stone, mwandishi wa habari wa Washington, Marekani.

Novemba 1952 gazeti alilokuwa akiliandikia, Daily Compass la New York, lilifungwa, akabaki hana kazi akiwa na miaka 44. Zama zile za seneta McCarthy, msaka wakomunisti, ukishapachikwa jina la ukomunisti hata rafiki anakuona anageuza njia. Stone alikuwa wa mrengo wa kushoto na hakujificha, nani angemwajiri? Makachero wa FBI walimwandama, wakapekua mpaka takataka zake. Januari 1953 akaanzisha gazeti lake mwenyewe, kurasa 4 kila wiki, dola 5 kwa mwaka, mkewe Esther akishika hesabu.

Hakuwa na ofisa wa kumnong'oneza, na masikio yenyewe yalikuwa mazito. Basi akasoma: kumbukumbu za Bunge, ripoti za kamati, zile kurasa za nyuma zinazochosha.

Septemba 1957 Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi, Nevada. Mkiani mwa habari ya New York Times palikuwa na vijistari: Toronto wamehisi mtikisiko, Roma pia, Tokyo pia. Stone hakuwa na fedha za kuulizia huko. Akakata, akatunza. Mwaka uliofuata Tume ya Nishati ya Atomiki, chombo cha serikali ya Marekani, ikasema mtikisiko ule haukupimika zaidi ya maili 200. Hapo ndipo penye uzito: wapinzani wa mkataba wa kusitisha majaribio ya nyuklia walidai Warusi watalipua kwa siri bila kugundulika. Stone akachukua vikaratasi vyake, akawafuata wataalamu wa matetemeko wa serikali ileile. Orodha yao ya vituo vilivyopima mtikisiko ule ilifika Alaska, zaidi ya maili 2,000! Tume ikasahihisha.

Mimi niliwahi kufungia maandazi kabrasha la kikao cha halmashauri. Miezi miwili baadaye bei ya kisima ikabadilika, na ya zamani ilikuwa kwenye karatasi yenye mafuta, jalalani. Mhariri hakunigombeza, alinyoosha mkono tu: "Lete ushahidi." Sikuwa nao.

Siku hizi naandika tarehe na mahali nyuma ya kila karatasi, naitia kwenye boksi la sabuni chini ya meza. Karibuni mpekue. Anayeazima arudishe.