Chombo "kipo" au "kiko"?

Swali: Mwalimu shikamoo. Sisi watu wa redio ya ridhaa tunafuata vyombo vidogo baharini kwa APRS, redio ya chomboni inatuma yenyewe mahali kilipo halafu tunakiona kwenye ramani. Kwenye daftari mimi naandika "chombo kiko", mwenzangu anang'ang'ania "kipo". Nani kapatia?

Jibu: Marahaba. Wote mmepatia ila inategemea taarifa ni ya saa ngapi. -po ni mahali unapopajua hasa, -ko ni upande tu, huko huko. Sasa APRS ya kawaida inataja latitudo na longitudo mpaka sehemu ya mia ya dakika (dakika ya digrii, si ya saa), na hiyo kwa latitudo ni kama mita 18 na nusu, kwa hiyo taarifa ikiingia sasa hivi andika "kipo" bila wasiwasi, hapo mwenzako yuko sawa kabisa. Lakini zikipita saa 2 bila taarifa mpya na chombo kinakwenda maili 5 za baharini kwa saa, kimeshasogea maili 10, utasemaje kipo? Pale kilikuwapo (wengi tunasema kilikuwepo, sanifu ni kilikuwapo), sasa hivi kiko, basi. Watu waliomo ndani ni "wamo", usiandike wapo.

Halafu hiyo "tunafuata" irekebisheni, anayefuata chombo yuko nyuma yake majini, nyinyi mliokaa kwenye redio mnakifuatilia.

Kinachoniuma zaidi ni "hakipo", maana nimeshaona watu wanaiandika wakati chombo kimenyamaza tu. Mawimbi ya VHF, haya ya redio mnayotumia kwa APRS, hayaendi mbali sana kupita upeo wa macho na antena ya chombo kidogo iko chini, kikitoka nje ya eneo la kituo cha kupokezana (kile kinachopokea taarifa na kuirusha tena) kinapotea kwenye ramani na huku kinaelea salama. Mke wa nahodha akisoma "chombo hakipo" ataelewa nini? Ataelewa kimezama. Andika ulichokijua kwa sikio lako: "Hakijasikika tangu saa 4:10 asubuhi, wakati huo kilikuwapo hapa, kilikuwa kinaelekea kusini, watu 3 wamo."